Foleni Jukwaani Si Ushirikiano

Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, mshereheshaji hushika kipaza sauti na kuita nchi moja baada ya nyingine. Kongo inapanda, inacheza, inashuka. Burundi inapanda na ngoma zake. Rwanda inafuata, kisha Somalia, kisha wenyeji. Wageni rasmi wanapiga makofi, soda zinagawiwa, na ripoti inaandikwa kwamba utamaduni umewaunganisha majirani. Lakini tangu asubuhi hadi jioni hakuna msanii wa nchi moja aliyefanya kazi na msanii wa nchi nyingine. Wamepishana tu kwenye ngazi za jukwaa.

Mjadala huu nauleta Nakivale kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine Afrika Mashariki ambapo majirani wamesogezwa karibu kiasi hiki. Makazi haya ya wakimbizi, katika Wilaya ya Isingiro nchini Uganda, yalifunguliwa mwaka 1958, na baada ya machafuko ya 1959 nchini Rwanda yakajaa Wanyarwanda. Leo yana zaidi ya watu 150,000: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wasudani Kusini. Wilaya yenyewe inapakana na Tanzania. Kaskazini mwake uko Mbarara, mji uliopewa hadhi ya jiji Julai 2020, kitovu cha eneo la Ankole. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, Jumuiya ina nchi wanachama 8. Tano kati ya hizo zina watu wake Nakivale, na ya sita ndiyo mwenyeji.

Swali ni hili: ushirikiano wa sanaa kati ya nchi jirani ujengwe na nani, na kwa masharti gani? Sauti tano zinalijibu. Nimezitunga mimi, na sikuzipa majina kwa sababu ni misimamo inayogongana, si watu fulani. Yupo Mpiga Gitaa, Mkongomani wa Kivu. Yupo Mzee wa Mbarara, mtunza mila wa Kinyankole. Yupo Mpiga Ngoma, mwanamke Mrundi. Yupo Msifu Ng'ombe, Mnyarwanda aliyekulia Nakivale. Na yupo Afisa Miradi, raia wa Uganda, ambaye kazi yake ni kuandika bajeti na kuzitetea.

Nani aliwaita wasanii?

MPIGA GITAA: Naanza na historia, maana watu wanazungumza kama vile ushirikiano huu ni kitu kipya kinachosubiri mfadhili. Samba Mapangala alitoka Kongo, akafika Kampala na kundi la Les Kinois katikati ya miaka ya 1970, akasonga mpaka Nairobi, na huko akaunda Orchestra Virunga. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 akaingia Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, na baadaye, akiwa na Super Matimila, akawa sauti ya wanyonge wa Tanzania. Hakuna wizara iliyowaandikia barua. Gitaa la solo la Kongo lilikutana na Kiswahili cha huku, na muziki uliotoka hapo haukuwa wa Kinshasa wala wa Dar peke yake. Sisi wa Nakivale tunaweza kufanya vivyo hivyo. Tupeni chumba, umeme na muda.

MZEE WA MBARARA: Mwanangu, hao walikwenda palipokuwa na baa, na baa zililipa. Watu walikunywa, walicheza, mwenye baa akatoa mshahara. Nionyeshe baa ya Mbarara itakayomlipa mpiga enanga, chombo chetu cha nyuzi. Halafu nina hofu nyingine. Ankole haina mfalme. Falme zilifutwa mwaka 1967, na zilipoanza kurudishwa mwaka 1993, wetu haukurudi. Tulichobaki nacho ni ekitaguriro tunachocheza, majigambo ya ebyevugo, na vyombo vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Igongo pale Biharwe. Vijana wetu wengi hawawezi kukariri hata kijigambo kimoja. Mkija kuchanganya wakati wao hawajajua cha kwao, mtachanganya nini na nini? Kwanza tuwafundishe wetu.

MPIGA GITAA: Nakuelewa, Mzee. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uganda ilitupa jembe kweli: kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima. Sasa tunaomba tulime pamoja nanyi, tusilime pembeni yenu.

MZEE WA MBARARA: Kulima pamoja hakuna ubaya. Nataka kujua mavuno yataandikwa kwa jina la nani.

AFISA MIRADI: Kabla hatujafika kwenye mavuno, niseme neno kuhusu serikali, maana Mpiga Gitaa amezipita haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST. Lilianza Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi 2015, Kampala 2017, Dar es Salaam 2019. Vikundi vya nchi mbalimbali hukutana huko, na si jambo dogo. Mkataba wa Jumuiya wenyewe unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika utamaduni na michezo. Msanii mmojammoja hana uwezo wa kukodi uwanja wala kulipia mabasi ya wacheza ngoma. Serikali inao.

MPIGA NGOMA: Serikali inao, madamu, lakini mimi nitapanda basi la nani? Kila nchi inapeleka msafara wake. Siwezi kwenda na msafara wa Burundi, maana nilikimbia Burundi. Mkataba wa Geneva wa 1951 unasema mkimbizi akijirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, ukimbizi wake unakoma. Siwezi kwenda na msafara wa Uganda, maana mimi si Mganda. Tamasha la majirani wote wa Afrika Mashariki linafanyika, na sisi tunaoishi na majirani wote kila siku hatumo.

MSIFU NG'OMBE: Na kuna la kuongeza. Septemba 2019, wakati JAMAFEST inachezwa Dar es Salaam, mpaka wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Februari. Haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022. Wasanii wa nchi zile mbili wangeweza kukutana Dar es Salaam, huku ndugu zao wa Kabale na Gicumbi hawawezi kuvuka kwenda kuzikana. Msafara wa taifa hutii uhusiano wa mataifa. Ukiharibika uhusiano, na sanaa yake inasimama.

AFISA MIRADI: Hilo siwezi kulipinga.

MPIGA GITAA: Si serikali tu. Goma tulikuwa na tamasha la Amani, lililoanzishwa mwaka 2014, likiwaleta wanamuziki wa Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda kwenye jukwaa moja chini ya mlima Nyiragongo. Lilikuwa la wananchi, si la wizara, na watu walilipenda sana. Mji ulipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, nani angefikiria tamasha? Nimejifunza kwamba kazi isiyokuwa na makao nje ya vita inakufa na vita. Ndiyo maana naitazama Mbarara. Hapa kuna usalama wa kukaa chini na kutunga.

Ngoma ni ya nani?

MPIGA NGOMA: Nirudi kwenye swali la Mzee, la jina. Mimi nikiitwa jukwaani naitwa Burundi. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na siku ile nililia kwa furaha. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, rais akatoa amri: mwanamke haruhusiwi kupiga ngoma hizo, vikundi viandikishwe wizarani, na anayezitaka kwenye sherehe yake binafsi alipe faranga 500,000. Basi mimi ninayewakilisha Burundi hapa Nakivale, Burundi yenyewe hainiruhusu kushika fimbo. Ukimbizini ndipo nilipoanza kupiga. Mnaposema kila taifa litunze chake kwanza, kumbukeni kwamba wapo ambao taifa limewatupa nje.

MZEE WA MBARARA: Binti yangu, uchungu wako nausikia. Lakini tusifanye haraka kuidharau miiko. Ngoma ya kifalme haikuwa chombo cha starehe. Karyenda yenu ya Burundi ilikuwa ufalme wenyewe. Kwetu pia ngoma ya kifalme, Bagyendanwa, ilikuwa na watunzaji wake, na si kila mtu aliisogelea. Mwiko ndio uliofanya jambo lidumu. Ukiuvunja, unavunja na sababu ya watu kuliheshimu.

MPIGA NGOMA: Mzee, Rwanda nako mwanamke hakupiga ngoma. Mwaka 2004 Odile Gakire Katese akaanzisha Ingoma Nshya, kundi la wanawake wapiga ngoma mjini Butare, na waliokaa kwenye ngoma zile walikuwa wanawake waliotoka pande zote mbili za mauaji ya 1994. Heshima ya ngoma haikupungua. Iliongezeka, kwa sababu ngoma ilipata kazi ambayo wanaume hawakuwahi kuipa.

MZEE WA MBARARA: Hapo hatutakubaliana leo.

MPIGA NGOMA: Sikulazimishi. Naomba tu usiifanye hofu yako kuwa sharti la mimi kupanda jukwaani.

MPIGA GITAA: Mnagombania ngoma kana kwamba kila kitu kina mwenye nyumba mmoja. Chukueni enanga. Ankole ipo, Rwanda na Burundi wanaiita inanga, na ng'ambo ya mto Kagera Wahaya wanayo nanga, ambayo Profesa M. M. Mulokozi alizitafiti tenzi zake. Chombo kimoja, nchi nne. Hata UNESCO imeshaonyesha njia: mwaka 2021 rumba iliandikishwa kwa maombi ya pamoja ya Kongo mbili, Kinshasa na Brazzaville. Mataifa yanaweza kusema hadharani kwamba kitu ni chetu sote.

MZEE WA MBARARA: Chombo kimoja kwa umbo. Nyuzi zinafungwa tofauti, na sauti zinapangwa tofauti. Ukiweka gitaa lako la umeme juu ya enanga, enanga haisikiki. Nimeyaona hayo kwenye harusi. Spika zinameza kila kitu.

MPIGA GITAA: Ni kweli, na ndiyo sababu nasisitiza mazoezi kuliko onyesho. Uliwahi kuwapo mradi uitwao The Nile Project, ulioanza mwaka 2011. Waliwakusanya wanamuziki wa nchi za bonde la Nile, kuanzia Misri na Ethiopia hadi Uganda na Burundi, wakawaweka Aswan pamoja kabla ya onyesho lao la kwanza, Januari 2013. Kwanza walijifunza ngazi za sauti za wenzao. Aliyezoea sauti tano akakutana na mwenye robo-sauti za Kiarabu. Walisikilizana, walipanga upya nyuzi, walikubaliana nani anyamaze wapi. Katika bendi ya Kikongo, mpiga mi-solo anajua kazi yake ni kujaza nafasi kati ya solo na rithimu, na asipowasikiliza wenzake wimbo unaharibika. Ushirikiano wa nchi unataka usikivu wa namna hiyo, na usikivu hauji kwa siku moja ya sherehe.

Njaa na bajeti

AFISA MIRADI: Niruhusuni niwe mbaya wenu kidogo. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30. Mwaka 2025 likasema wakimbizi wapatao milioni moja hawatapata mgao tena. Nikipeleka bajeti yenye fungu la mazoezi ya muziki, mezani nitaulizwa: mtoto aliyelala njaa atakula wimbo? Nami nimekaa na mama zao. Sina jibu jepesi la kuwapa.

MPIGA NGOMA: Jibu lipo kwenye bajeti zako mwenyewe, madamu. Tarehe 20 Juni mwenye spika analipwa. Mwenye hema analipwa. Mshereheshaji analipwa, na mpishi wa wageni rasmi analipwa. Mimi napewa soda na nauli ya boda. Watoto wangu wako kwenye hao waliokatwa mgao. Usiniambie sanaa inaninyang'anya chakula, wakati sanaa ndiyo kazi pekee niliyonayo na nyinyi mnaitumia bure. Katika sherehe nzima, msanii peke yake ndiye ambaye njaa yake inaitwa kujitolea.

AFISA MIRADI: Umenigusa. Na kisheria una haki. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, pamoja na mipaka inayoweza kuwekwa na sheria. Hakuna mahali inaposema kazi ya mkimbizi ni ya bure.

MSIFU NG'OMBE: Tazameni Malawi. Katika kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, mshairi Mkongomani Menes La Plume, naye mkimbizi, alianzisha Tamasha la Tumaini mwaka 2014. Wamalawi wanatoka mjini kwenda kambini, wanakula kwa mama lishe wa kambini, na wengine wanalala katika nyumba za wakimbizi. Fedha inaingia mifukoni mwa watu, na mwenyeji anamjua mkimbizi kwa jina. Mtu akiuliza sanaa inalisha nani, nitamtuma Dzaleka.

MZEE WA MBARARA: Huko watu wanakwenda kambini. Hapa Mbarara, wengi wetu tunaijua Nakivale kwa matangazo ya redio na kwa bei ya mahindi. Nauli ni ghali, na barabara ya mwisho ni vumbi. Nani atakuja?

MPIGA GITAA: Basi nusu ya njia ni yetu na nusu ni yenu. Kazi ionyeshwe Nakivale, halafu ionyeshwe Igongo au chuo kikuu cha Mbarara. Radio West iirushe. Anayeshindwa kufika ataisikia jikoni kwake.

Ng'ombe wenye majina

MSIFU NG'OMBE: Nimewasikiliza. Sasa nitaje kazi yenyewe, maana mjadala usiotaja kazi unaweza kuendelea mpaka tuzeeke. Wanyankole wana ebyevugo vya mashujaa, na wana ebirahiro, sifa za ng'ombe. H. F. Morris alivikusanya na kuvichapisha mwaka 1964. Sisi Wanyarwanda tuna amazina y'inka, sifa za inyambo, ng'ombe wa pembe ndefu, na mpaka leo kwenye harusi mahari haipokelewi vizuri bila msifu kusimama. Ng'ombe ni wa ukoo uleule. Mnyankole anacheza ekitaguriro akiinua mikono kama pembe, na mwanamke wa Kinyarwanda anainua mikono vilevile. Wasomali wa Nakivale wana mashairi ya kusifu ngamia, yenye herufi moja inayorudi mstari hadi mstari. Tuweke wasifu hawa pamoja. Mnyankole aseme, Mnyarwanda amjibu, Msomali aingie na ngamia wake. Ngoma za dada yetu zifungue kila sehemu. Gitaa libebe sehemu za katikati, kwa sauti ya chini.

MZEE WA MBARARA: Hiyo nitakuja kuisikia. Ekirahiro kinasemwa kwa pumzi moja mpaka mwisho wa mstari, na wasikilizaji wanaitikia. Mnyarwanda akijibu hapohapo, kijana wetu atalazimika kujifunza chake vizuri ili asiaibike. Labda nilikosea mpangilio niliposema kwanza tuwafundishe wetu, kisha tuchanganye. Huenda ushindani ukawafundisha kuliko mimi.

MPIGA GITAA: Na masimulizi ya kuunganisha yawe Kiswahili. Ndiyo lugha tunayoelewana sokoni Nakivale, sisi wa Kivu na Warundi na wengine. Katiba ya Uganda inakitambua kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni.

MZEE WA MBARARA: Karatasi za Kampala hazifuti kumbukumbu. Kiswahili sisi tulikisikia kwanza kinywani mwa askari. Februari 1979 jeshi la Tanzania liliingia Mbarara likimfukuza Amin, na mji wetu ukabomolewa. Alianza Amin kwa kuivamia Kagera mwaka 1978, hilo nalijua. Lakini nyumba zilizoanguka zilikuwa zetu. Ukinisimulia ng'ombe wangu kwa Kiswahili, wapo wazee watakaofunga masikio.

MSIFU NG'OMBE: Kwa kuwa umelifungua, Mzee mwenzangu, nami nifungue langu. Oktoba 1982 Wanyarwanda walifukuzwa katika vijiji vya Ankole. Nyumba zilichomwa. Ng'ombe walichukuliwa. Wengine walivuka kwenda Rwanda, na wengine wakasukumwa kwenye makazi kama Nakivale. Waliofanya hivyo hawakuwa askari wa serikali peke yao. Walikuwamo majirani. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wenye majina, na majina hayo ninayo kichwani. Nikiyasema Mbarara, mbele ya watu wako, mtaitikia au mtasema nachokoza?

MZEE WA MBARARA: Utachokoza. Na una haki ya kuchokoza. Mimi nilikuwapo mwaka ule, na nilifahamu ng'ombe wa nani waliingia zizi la nani. Nitakwambia sharti langu. Wewe utasema 1982 yako, mimi nitasema 1979 yangu, katika kazi moja, na pasiwepo mtu wa ofisini wa kutukatia mistari kwa sababu mgeni rasmi amekuja. Ukikubali hilo, hata Kiswahili nitakivumilia.

MSIFU NG'OMBE: Nakubali.

AFISA MIRADI: Hapo ndipo patakapokuwa pagumu kwangu. Wafadhili wanapenda neno amani, na wanadhani amani ni kutotajana. Lakini nikiulizwa, nitasema hivi: wasanii waliokubaliana wataje nini wameshafanya kazi kubwa kuliko warsha zetu. Ninachoomba ni karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inatambua kazi ya watunzi zaidi ya mmoja. Andikeni kabla ya zoezi la kwanza nani ametunga nini, nani anamiliki rekodi, na fedha ikiingia inagawanywa vipi. Nimeona vikundi vizuri vikivunjika siku rekodi ilipoanza kuuzika.

MPIGA NGOMA: Na kwenye karatasi hiyo niandikwe mpiga ngoma. Nisiandikwe Burundi.

Msimamo wangu

Kwa maoni yangu, Msifu Ng'ombe na Mzee wa Mbarara wamefika mahali ambapo matamasha ya mataifa hayajafika. Ushirikiano wa sanaa kati ya majirani unaanza pale wasanii wanapotunga kitu ambacho upande mmoja peke yake usingeweza kukitunga. Sifa za ng'ombe za Mbarara bila majibu ya Nakivale ni urithi wa Ankole. Sifa za Nakivale bila mwitikio wa Mbarara ni kilio cha mkimbizi. Zikijibizana zinakuwa kazi mpya, yenye ukweli ambao kila upande ulikuwa unaukwepa.

Masharti yake yamejitokeza katika maneno yao wenyewe, nami nayaunga mkono yote. Siku za mazoezi zilipwe kama kazi, maana ndizo zinazozaa kazi. Haki ziandikwe mapema, kwa majina ya watu. Onyesho lianze Nakivale na lifike Mbarara, ili mzigo wa nauli na heshima ya ukaribishaji vigawanywe. Na kumbukumbu ichukuliwe kama sehemu ya sanaa, hata ile inayowakera wenyeji, hata ile inayowakera wageni. Kuhusu mwanamke na ngoma, Mzee na Mpiga Ngoma hawakukubaliana, na sioni sababu ya kuwalazimisha. Kazi ya pamoja haidai watu wawe na imani moja. Inadai kila mmoja aweze kusimama pale akiwa mzima.

Nampinga Mpiga Gitaa kwa jambo moja. Historia ya Mapangala na Ongala ni ya fahari, lakini haitoshi kusema wasanii waachwe watajipanga. Wale walikuta miji yenye baa na kampuni za rekodi. Mpiga inanga wa Nakivale hana soko hilo, na akiachwa ajipange atabaki kwenye foleni ya Juni. Fedha ya umma inahitajika, na serikali zinahitajika. Kinachotakiwa kubadilika ni kile zinachokifadhili.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa nchi 8 za Jumuiya. JAMAFEST ifungue mlango wa pili, pembeni ya misafara ya mataifa: mlango wa kazi zilizotungwa na wasanii wa nchi mbili au zaidi. Kazi iingie kwa jina lake na kwa majina ya watunzi wake, bila bendera. Katika mlango huo mkimbizi mwenye hati ya kusafiria iliyotolewa na Uganda asiulizwe ni wa msafara gani, kwa sababu kazi ndiyo iliyoalikwa. Wizara za utamaduni za Kampala na Kigali zianze kwa kulipia mazoezi ya wasifu ng'ombe wa Ankole na Rwanda, na siku moja ziandike ombi la pamoja kwa UNESCO kama Kongo mbili zilivyofanya kwa rumba. Mpaka wa Gatuna ukifungwa tena, na historia inatuonya kwamba inawezekana, Mnyankole na Mnyarwanda wa Isingiro watakuwa na kazi yao mkononi, yenye mkataba, yenye malipo, isiyongoja mawaziri wapatane ndipo iendelee.